Kungwi, kanisa au kliniki: wachumba waanzie wapi?

Barua ya posa ikishajibiwa na mahari kutajwa, harusi ya mjini Tanzania hufuata njia inayojulikana. Kamati inaundwa, kadi za michango zinasambazwa, ukumbi unalipiwa kianzio, sendofu na kicheni pati zinapangiwa tarehe. Afya ya hao wawili wanaooana huingia kwenye ratiba mwishoni kabisa, tena mara nyingi kwa sababu mchungaji ameulizia cheti cha vipimo. Wanakimbilia maabara Ijumaa mchana, karatasi inawekwa kwenye faili, kikao cha kamati kinaendelea.

Wachumba ambao bado wana muda wa kuchagua wana milango mitatu: mafundisho ya ndoa kanisani au msikitini, kungwi (au somo, kama wasemavyo Unguja na Mombasa), na kituo cha afya. Wa nne ni mtandao, nitaupitia haraka. Kila mlango nimeuuliza mambo matatu. Je, wote wawili mnakaa darasani? Je, mafunzo yanawafikia kabla wakati wake haujapita? Na mkisikia jambo msilolitarajia, yupo wa kuwashika mkono hadi hatua inayofuata? Swali la pili ndilo linalosahaulika, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua mengine yote.

Hesabu ya miezi sita

Mwili una kalenda yake, wala haujali ukumbi umelipiwa lini.

Chukua homa ya ini aina ya B. Huambukizwa kwa ngono, kwa damu, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Chanjo yake kwa mtu mzima huchomwa mara tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Tanzania iliiingiza chanjo hii kwenye ratiba ya watoto mwaka 2002, kwa hiyo aliyezaliwa kabla ya hapo, yaani wachumba wengi wa leo, huenda hakuipata utotoni. Mchumba akikutwa na virusi hivyo na wewe huna, si lazima uchumba ufe. Unachanjwa, naye anaingizwa kwenye uangalizi wa ini lake. Ila sindano ya tatu haiwezi kuharakishwa kwa sababu kadi zimeshachapwa.

VVU navyo vina dirisha lake. Vipimo vya haraka vya kwenye vituo vyetu hutafuta kingamwili, na kwa baadhi ya watu zinaweza kuchukua hadi miezi mitatu tangu maambukizi kabla hazijaonekana. Anayepima wiki moja kabla ya ndoa anapata jibu la maisha yake hadi miezi mitatu nyuma, si la mwezi uliopita.

Kisha kuna vidonge vya foliki asidi. Mwanamke anayetarajia kushika mimba anashauriwa kumeza mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki ya 12, ili kupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Sehemu hiyo ya mwili wa mtoto huwa imeshafunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati mama mwenyewe pengine ndiyo kwanza anahisi siku zake zimechelewa. Kliniki ya wajawazito, hata ukiiwahi, kwa hili umechelewa. Na kwa kuwa bibi harusi wetu anatarajiwa awe mjamzito kabla picha za harusi hazijatoka kwa mpiga picha, mahali pekee pa kulifundisha jambo hili ni kabla ya ndoa.

Ukizipanga kwa pamoja, hesabu inaangukia miezi sita kabla ya harusi. Miezi sita ni wakati ambao kamati haijaitishwa, na hapo ndipo faida ilipo. Jibu gumu likija wakati mnaojua ni ninyi wawili tu, mnaweza kulitafakari. Likija baada ya mjomba kukusanya michango ya ofisi nzima, watu huanza kutafuta namna ya kulificha hadi Jumamosi ipite.

Saudi Arabia inatoa ushahidi mzuri. Tangu 2004 wachumba huko hupimwa kwa lazima selimundu (sikoseli) na thalasemia, magonjwa ya damu ya kurithi, na kuanzia 2008 VVU na homa ya ini zikaongezwa. Majibu mabaya hayazuii ndoa. Wanaelezwa, kisha wanaamua wenyewe. Mwaka ule wa kwanza, kati ya wachumba walioambiwa wako hatarini kwa magonjwa hayo ya kurithi, ni takriban mmoja kati ya kumi tu walioahirisha au kuacha. Kufikia 2009 walikuwa karibu nusu. Kipimo kilikuwa kilekile. Ninavyoona mimi, kilichobadilika ni kwamba watu walianza kufika maabara wakielewa kinachopimwa na kwa nini.

Kanisani na msikitini

Kwa Wakatoliki hakuna ndoa bila mafundisho, na matangazo husomwa kanisani Jumapili tatu. Urefu hutofautiana parokia kwa parokia: kuna wanaomaliza kwa wikiendi chache, kuna wanaohudhuria kwa miezi. Walutheri, Waanglikana na Wapentekoste nao wana vipindi na mchungaji au wazee wa kanisa. Nguvu ya mlango huu ni kwamba unawaketisha wote wawili, kiti kwa kiti, wakisikia maneno yaleyale. Bwana harusi hawezi kusema alikuwa safarini. Fedha, wakwe, idadi ya watoto, nani atamlea mama mkwe akiugua: mambo haya yanazungumzwa mbele ya mtu wa tatu, na mtu wa tatu husaidia sana.

Mafundisho ya Kikatoliki huwa na kipindi cha njia za asili za kupanga uzazi: kusoma ute, kuhesabu siku. Hata msiokusudia kuitegemea, kisikilizeni. Mimba inaweza kushika katika siku takriban sita tu za kila mzunguko, tano kabla ya yai kutoka na siku ya yai lenyewe. Wapo wanandoa wanaomaliza mwaka mzima wa lawama na maombi bila kuambiwa hilo. Msitegemee tu kusikia humo habari za vijiti, sindano au kitanzi. Msimamo wa kanisa unajulikana, na pengo hilo ni lenu kulijaza kwingine.

Kinachonisumbua ni kile cheti. Baadhi ya makanisa hudai majibu ya VVU yawekwe mezani kabla ya kutangaza ndoa. Nia naielewa. Lakini sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI imefanya upimaji kuwa wa hiari, isipokuwa katika mazingira machache iliyoyataja yenyewe, na majibu ni siri ya aliyepimwa. Ile ya Kenya ya 2006 imekwenda mbali zaidi: inataja ndoa kwa jina kati ya mambo ambayo mtu hawezi kushurutishwa kupima ili ayapate. Mchungaji anayesema “nendeni mkapime, mkaambiane, kisha mnipe jibu kama bado mnataka kuoana” anafundisha vizuri kuliko anayekusanya karatasi.

Upande wa Waislamu hali ni nyingine. Nikaha inataka walii (msimamizi wa bibi harusi), mashahidi wawili, mahari, ijabu na kabuli (tamko la kuoza na la kukubali). Kuhudhuria darasa si sharti. Kwa hiyo wawili wanaweza kuoana bila somo lolote la mpangilio, hasa pale ambapo msikiti hauna semina. Lakini usidharau kilichofundishwa madrasa. Sura ya twahara (usafi wa ibada) katika fikihi, yaani sheria za dini, ni elimu ya mwili. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, hedhi haizidi siku 15. Damu inayovuka hapo ni istihadha, yaani si hedhi tena, na ina hukumu yake katika sala. Msichana aliyezoea kuhesabu siku zake kwa ajili ya sala na funga huingia kwa daktari akiujua mzunguko wake, jambo ambalo wengi wetu tunabahatisha. Ustadhati anayeongeza “na ukiona hivyo nenda hospitali” ameshafundisha afya ya uzazi.

Kungwi

Hapa ndipo watu wa afya hukosea kwa kudharau. Kungwi ndiye mwalimu pekee kati ya hawa anayezungumzia tendo lenyewe bila kumung'unya maneno. Nesi atasema “kujamiiana” macho yakiwa kwenye daftari. Paroko atasema “tendo la ndoa” na kufungua ukurasa unaofuata. Kungwi ataonyesha kiuno kinavyokwenda. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, ulimwengu ulimjua kwa taarabu. Nyumbani alijulikana pia kwa unyago. Mwali aliyefundwa na mwalimu wa aina hiyo aliujua mwili wake, na hakuna zahanati iliyowahi kuiziba nafasi hiyo.

Tofautisha lakini kungwi na kicheni pati. Ukumbi wa wanawake mia mbili, maikrofoni, sare, masufuria yanayopokewa kwa vigelegele: hiyo ni sherehe, na ni sherehe nzuri, ila hakuna mwali atakayenyanyua mkono humo kuuliza kwa nini anaumia. Somo halisi ni lile la chumbani, mwali na somo wake, siku kadhaa kabla. Kama fedha inatosha kimoja tu, ningelipia la chumbani, kicheni pati ikawa ndogo.

Yapo mambo mawili ya kuchunga. La kwanza ni yale ya kuweka ukeni: shabu, ndimu, unga wa majani, sabuni za manukato, vyote vikiuzwa kwa jina la kubana au kukausha. Uke hujisafisha wenyewe, kwa msaada wa bakteria wazuri wanaoulinda. Ukiwaua hao, unakaribisha harufu na uchafu uleule uliokuwa unaukimbia, na utando uliochubuka hurahisishia VVU njia. Kabla ya kumlipa kungwi, muulize anamfundisha mwali aweke nini huko ndani. Jibu linalotakiwa ni “hakuna”.

La pili ni neno “vumilia”. Uvumilivu wa mume asiye na kipato mwezi huu ni jambo moja. Maumivu ya kila tendo yana sababu, na nyingi zinatibika. Kipigo nacho si siri ya ndani. Makungwi wazuri wanalijua hili na hulisema. Wengine wanarudia walichoambiwa na waliowatangulia.

Halafu, mwanamume yuko wapi? Hakuna kungwi wa bwana harusi mjini. Atakalishwa na wajomba jioni moja, ataambiwa awe mwanamume, vinywaji vitaagizwa. Mwenye sauti kubwa nyumbani kuhusu uzazi wa mpango ndiye asiyefundishwa chochote. Kwa swali langu la kwanza, mlango huu unaanguka.

Kliniki

Tatizo la kwanza la kliniki ni kwamba hakuna dirisha lililoandikwa “wachumba”. Mtafika zahanati, mtaulizwa nani mgonjwa, mtasema hakuna, na mtu ataanza kuwashangaa. Kwa hiyo mnapaswa kwenda mkijua mnachoomba: ushauri nasaha na upimaji wa VVU kama wenza, kaswende, homa ya ini B, kundi la damu pamoja na Rh, aina ya himoglobini (ndiyo huonyesha selimundu), shinikizo la damu, na mazungumzo ya uzazi wa mpango. Zahanati huenda isiwe na vyote. Kituo cha afya kitakuwa na vingi zaidi, na kile cha himoglobini mara nyingi kinataka hospitali kubwa.

Omba mpimwe na kupewa majibu mkiwa pamoja, chumba kimoja. Utaratibu huu wa kuwashauri wenza kwa pamoja ulijaribiwa mapema jijini Kigali, tangu miaka ya 1980, na ulipunguza maambukizi kati ya wenza ambao mmoja anavyo na mwingine hana. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani likautolea mwongozo. Sababu yake mtu wa kawaida anaielewa: hakuna anayerudi nyumbani na siri ya kubeba peke yake. Na leo, mwenye VVU anayemeza ARV vizuri hadi virusi visionekane kwenye damu hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Kijana asiyelijua hilo ataogopa kipimo kuliko anavyoogopa ugonjwa.

Rh nitaipitia upesi. Mama mwenye damu hasi na baba mwenye chanya wanaweza kupata mtoto mwenye chanya, na mwili wa mama ukajenga kinga inayokuja kumdhuru mtoto wa pili. Sindano ya anti-D ndani ya saa 72 baada ya kujifungua huzuia hilo. Damu hasi ni chache kwetu, lakini dawa hiyo haipatikani kila kituo, kwa hiyo anayejua mapema anajifungulia mahali ilipo.

Selimundu inahitaji nafasi zaidi. Inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa nayo Tanzania kila mwaka, na nchi ni miongoni mwa zile zenye idadi kubwa zaidi duniani. Watu takriban 13 hadi 20 kati ya kila 100 wana chembe moja ya urithi wake, AS, bila kuugua wala kujijua. Wamekuwa wengi kwa sababu AS humkinga mtoto dhidi ya malaria kali; ndiyo maana Kanda ya Ziwa ina wengi kuliko miteremko ya Kilimanjaro yenye baridi. Mkiwa wote wawili AS, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa mtoto mwenye ugonjwa, SS. Kila mimba, si kila mtoto wa nne. Familia hukosea hapo: wanapata wa kwanza mgonjwa, wanadhani zamu imeshapita.

Mkiomba kipimo, msikubali kile cha siklingi pekee. Kinaonyesha kama damu ina himoglobini S, hakitofautishi AS na SS, na kinaweza kukosa aina nyingine za himoglobini zinazoleta shida zikikutana na S. Ulizeni elektroforesisi ya himoglobini au kipimo kingine kinachotaja aina. Na mkikutwa wote AS, hakuna anayeweza kuwaamulia. Wapo wanaoachana, wapo wanaooana na kumpima mtoto mara anapozaliwa ili aanze mapema penisilini ya kinga, na baadaye haidroksiyurea ambayo hupunguza maumivu na kulazwa. Njia zote mbili ni za watu wazima. Ila kuoana bila kujua na kujifunza haya wodini, mtoto akiwa analia mikono imevimba, ni ukatili ambao ungeepukika kwa kijiko kimoja cha damu.

Kuhusu uzazi wa mpango, jambo moja wachumba huwa hawaambiwi kwa uwazi: sindano ya miezi mitatu huchelewesha kurudi kwa uwezo wa kushika mimba, wakati mwingine hadi karibu mwaka. Haiharibu kizazi. Lakini anayetaka miezi sita tu ya kupumzika ndipo azae, vidonge au kondomu vitamfaa zaidi.

Hospitali binafsi nyingine huuza kifurushi cha vipimo vya kabla ya ndoa. Vinasaidia kwa kasi, mnatoka na kila kitu siku moja. Angalieni tu msilipie homoni na altrasaundi zisizo na sababu, na muulize kama kuna mtu atakayewaelezea majibu. Ikiwa jibu ni kwamba yatatumwa kwa simu, mmenunua karatasi. Na ndugu wakidai “kipimo cha bikira”, hicho hakina msingi wa kisayansi. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitaka kipigwe marufuku mwaka 2018.

Mtandaoni

Madarasa ya WhatsApp na video za mashangazi wa mtandaoni yana faida moja: mwanamume atayasikiliza akiwa peke yake. Zaidi ya hapo hakuna anayekujua wala anayewajibika, na nusu ya walimu wana dawa ya kuuza mwishoni mwa somo.

Kwa hali yenu

Mna miezi sita na mnaishi karibu: anzeni kliniki, wawili, kabla hamjamwambia mwenyekiti wa kamati tarehe. Mafundisho ya kanisa au semina ya msikiti yafuate, kungwi awe wa mwisho, akimkuta mwali tayari anajua vitu vya kukataa.

Mmoja yuko Muscat au Doha kikazi: kila mmoja apime alipo, lakini majibu yasomwe mkiwa mnaonana kwenye simu, wala yasitumwe kama picha. VVU virudiwe pamoja atakaporudi.

Mmeshazaa au mnaishi pamoja, mnabariki ndoa: watu hudhani hamna la kujifunza. Mnalo. Himoglobini bado inahusu mimba inayofuata, na darasa la kanisa litawafaa kuliko vijana, kwa kuwa maswali yenu ni ya kweli.

Zimebaki wiki tatu: acheni kujaribu kubana kila kitu. Pimeni pamoja VVU, kaswende, homa ya ini na himoglobini wiki hii. Dozi ya kwanza ya chanjo ichomwe siku hiyohiyo kwa asiye na virusi, na bibi harusi aanze foliki asidi kama mnatarajia mtoto mapema. Mtumie kondomu hadi kipimo cha VVU cha miezi mitatu kirudiwe. Si rahisi kuliomba hilo kwa maharusi, kwa hiyo likubalianeni kabla ya siku yenyewe. Kungwi anaweza kuja hata baada ya fungate, na safari hiyo bibi harusi atakuwa na maswali ya kumuuliza.